Panya Wanakula, Mama Hali

Jumatatu, 6 Machi

Panya wamekula! Vizimba vyote sita vya upande wa kushoto — chakula kimekwisha mpaka vumbi lake. Nimewapima mmoja mmoja. Gramu nne zaidi, gramu sita zaidi, mmoja gramu tisa. Huyo tunamwita Bosi, ana tumbo kama mtu aliyepandishwa cheo jana.

Upande wa kulia ni wale waliochomwa sindano ya dawa ya saratani peke yake, bila jani. Wamejikunyata kwenye maranda, manyoya yamesimama. Hawajagusa kitu.

Profesa alikuja akasimama katikati ya vizimba, mikono kiunoni. Halafu akaanza kupiga mluzi. Miaka sita niko naye maabara, sijawahi kumsikia akipiga mluzi.

Jani letu halijapewa jina. Kwenye chupa tumeandika Kumi na Saba tu, maana kumi na sita yaliyotangulia hayakufua dafu. Nililikausha mwenyewe, nikalisaga, nikalichuja mpaka maji yakawa rangi ya chai iliyosahauliwa mezani. Limejaa antioksidanti. Wageni wakija, Profesa huwaeleza hivi: dawa ya saratani ni kali, ikipita kwenye figo inaacha kama kutu. Jani linazuia kutu.

Nimeandika vipimo vyote kwenye daftari la kazi. Kisha nikakitazama kichupa cha dawa tunayowachoma. Jina lile lile. Keshokutwa wanamtundikia Mama dawa hiyo hiyo.

Basi. Nimefunga daftari, nikaenda kuosha vyombo.


Jumatano, 8 Machi

Dripu ya tatu. Zimebaki tatu.

Wodi ina viti kumi na vinne vya kuegemea, vya kijani. Kimoja kimeraruka, wamekiziba kwa plasta ya vidonda. Mama anakipenda hicho. Anasema, kiti nacho ni mgonjwa, tunaelewana.

Saa sita nzima amekaa wima. Miaka thelathini na moja ya ukarani wa mahakama haimtoki mtu — anakaa kama jaji yuko njiani anaingia. Nesi alikosea tarehe kwenye faili, Mama akamrekebisha huku sindano iko mkononi. Nesi akasema, ahsante mheshimiwa. Mama akafurahi, nilimwona.

Daktari wake ni mwanamke mfupi, viatu vya raba, anaongea haraka kama anakimbizwa. Aliniita kando. Dawa inaonekana kuupunguza uvimbe wa kwenye ovari. Habari njema. Ila namba ya figo imepanda. Si ya kutisha — bado. Ikiendelea kupanda itabidi waahirishe, au wabadili dawa. Anywe maji, akasema. Maji, maji, maji.

Maji yenyewe anayatapika.


Ijumaa, 10 Machi

Mama hali. Supu vijiko viwili. Mkate anasema una ladha ya misumari.

"Umewahi kula misumari, Mama?"

"Sijawahi. Lakini sasa naijua."

Masikio yanavuma pia. Anasema ni kama kuna mtu anachemsha birika chumba cha pili na hajui kuliondoa jikoni.

Mchana amekuja Mama Mdogo. Ndugu zetu wote wanamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Yule mama wa kantini ya chuoni kwetu ni rafiki yake, na amemmwagia kila kitu: kuna dawa ya majani imewaponya panya. Alinifuata jikoni, akafunga mlango kwa mgongo.

"Kweli au uongo?"

Nikaanza kumweleza habari za vipimo.

"Bi Maabara, nimekuuliza kweli au uongo."

"Kweli. Panya wanakula."

Akanitazama. Macho yakajaa. Kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akisema kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo mnawapa panya, mnamnyima dada yangu."

Niliiosha sufuria iliyokuwa safi.


Jumatatu, 13 Machi

Nimefanya.

Saa ya chakula, wote wakiwa kantini. Nilifungua friza. Chupa arobaini na mbili zimejipanga kama watoto wa shule. Nilikuwa nimeshapiga hesabu nyuma ya boksi la glovu: uzito wa panya, uzito wa Mama. Uzito wa Mama! Kilo arobaini na sita, niliiandika nikaifuta, nikaiandika tena.

Chupa moja. Mfukoni mwa koti, kisha mkobani, ndani ya soksi ya akiba ya siku za mvua. Nilitembea kwenye korido kama mtu aliyebeba yai. Mlinzi wa geti akaniuliza, vipi mgonjwa? Nikasema anaendelea. Uso uliniwaka moto.

Nimeificha nyuma ya kopo la unga. Sijampa. Kesho. Nitamwambia ni chai.

Mfa maji haachi kutapatapa. Sasa naijua methali hii kwa ndani.


Jumanne, 14 Machi

Siku gani hii! Acha niandike yote kabla sijasahau.

Nimerudi saa kumi. Mama yuko mezani, si kitandani. Kitambaa kichwani, miwani puani. Mbele yake — chupa. Alikuwa anatafuta chumvi ya kusukutulia mdomo.

"Kaa."

Nikakaa.

"Jina la kitu hiki."

"Kumi na Saba."

"Hilo si jina, ni tarehe. Kimetoka wapi?"

"Kazini."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nikaitazama chupa.

"Iandikwe," akasema, "shahidi amenyamaza."

Nikamweleza. Panya wa kushoto, panya wa kulia, kutu, figo. Alisikiliza amefumba macho, hivyo hivyo alivyokuwa akisikiliza kesi ndefu. Mimi nikiwa mdogo nilidhani anasinzia kazini.

"Yupo binadamu aliyewahi kunywa hii?"

"Hayupo."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mama."

Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Vidole vina ganzi, karibu imponyoke. Nikasubiri anigombeze. Badala yake akasema taratibu, kama anajisemea:

"Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kutapika maji. Ningekuwa panya, ungenipa?"

"Ndiyo."

"Basi nifanye panya."

Sijui nilicheka au nililia. Ndipo nikamwambia lile ambalo Mama Mdogo sikumwambia, na ambalo jana mbele ya friza niliamua kulifumbia macho. Panya wetu hawana saratani. Ni wazima. Tunawachoma dawa ili tuone figo zitakuwaje. Kwa hiyo tunajua jani linazikinga figo. Hatujui kama haliukingi uvimbe pia. Jani halina macho. Likifunga mlango kumlinda mwenye nyumba, huenda likawa limefungia mwizi humo humo ndani.

Mama akaiweka chupa mezani polepole.

"Na hao wa kushoto," akauliza, "wanaokula. Baadaye wanakuwaje?"

"Siku ya kumi tunawaua, Mama. Ndivyo tunavyoziona hizo figo."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikaruka, nikadhani analia — anacheka! Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikampigapiga mgongo.

"Naondoa ombi langu," akasema akijifuta macho. "Mlalamikaji amejitoa."

Halafu uso ukabadilika. Kesho niirudishe. Na nimwambie mkubwa wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. "Sikukulea uwe mdokozi wa chupa. Hata kwa ajili yangu."

Amekunywa glasi nzima ya maji baada ya hapo. Imebaki tumboni. Labda kicheko nacho ni dawa, sijui, hatujakipima.


Jumatano, 15 Machi

Nimemwambia Profesa. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakayeyuka. Nikaiweka tu chupa juu ya karatasi zake.

Swali lake la kwanza: "Ameinywa?"

"Hapana."

Akashusha pumzi, akakaa. Kisha hasira ikaja. Kazi ya miaka sita ningeizika. Na mama yangu pia! Je, nilifikiri yeye hana watu wanaompigia simu? Ana barua tatu mezani, wagonjwa wanamwomba. Kila moja inamnyima amani.

Ameninyang'anya funguo za friza. Barua ya onyo itakuja. Hadi mwezi uishe ni vizimba na ufagio tu.

Wakati natoka nilimuuliza kama jani haliukingi uvimbe pia, akaniita nirudi. Kundi la pili limeanza wiki iliyopita, chumba cha ndani. Hao wana uvimbe. Chupa zina alama za siri, hata yeye hajui ipi ina jani na ipi ni maji ya rangi. Mwisho wa Mei tutafungua. "Hilo swali lako," akasema, "ndilo tunalouliza. Ungeliuliza kwa panya kwanza."

Nimefagia maranda siku nzima. Mgongo unauma. Moyo mwepesi kama karatasi.


Jumapili, 19 Machi

Mama Mdogo anakuja kila siku sasa. Anaingia chumbani kwa Mama, mlango unafungwa, wananong'ona. Nikiingia wananyamaza. Nafurahi wanaongea. Dada ni dada.


Jumatano, 29 Machi

Hakuna dripu leo. Namba ya figo imeruka — kutoka moja nukta tano hadi mbili nukta moja. Daktari alizunguka na karatasi mkononi, uso umekunjamana. Wiki moja ya kusubiri. Ikishuka, tunaendelea. Isiposhuka, dawa nyingine, na hiyo nyingine hana uhakika nayo.

Akamuuliza Mama: kuna chochote cha pembeni anakitumia? Majani, unga, mizizi, chai aliyopewa na jirani?

"Hakuna," akasema Mama. Wima kabisa. Macho kwa macho.

Ndani ya teksi aliangalia nje. Nikadhani ni hofu. Nami nilikuwa na yangu — kwamba ile saa moja mbele ya friza nilikuwa mjinga kutompa, au mjinga kuichukua, sijui tena kipi.


Alhamisi, 30 Machi

Nimebadilisha mashuka. Chini ya mto wa pili, kopo la majani ya chai. Ndani si chai. Unga wa kijani, laini, una harufu ya nyasi zilizolowa.

Nilikaa kitandani nalo mapajani. Mama akatoka bafuni, akaliona, akasimama na taulo mkononi.

"Tangu lini?"

"Kama wiki mbili." Akakaa kando yangu. "Mdogo wangu aliniletea baada ya ile chupa yako. Mtu sokoni kamwambia lina hizo hizo antioksidanti zenu. Nami nikajiambia, hili halijaibwa."

Nilitaka kupiga kelele. Nikashindwa. Alikuwa mdogo sana, amekaa pale na taulo lake.

"Mwanangu, nimemdanganya daktari. Miaka thelathini na moja nimewaapisha watu waseme kweli. Nikamdanganya nimekaa wima."

"Kwa nini, Mama?"

"Nilikuwa nimeanza kusikia ladha ya mkate. Kidogo. Niliogopa atanipokonya."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hakuna aliyeisema. Wote wawili tuliisikia.

Halafu akanieleza masharti ya huo unga. Kijiko kimoja mara nne kwa siku. Na usinywe maji saa mbili kabla, wala saa mbili baada, "ili jani lisizimuke". Nikahesabu kwa vidole. Mara nne, saa nne kila mara. Siku yote! Mama alikuwa hanywi maji kabisa. Zile glasi nilizokuta tupu alikuwa anamwagilia maua ya dirishani.

Yamestawi kweli, hayo maua. Nilishangaa.


Ijumaa, 31 Machi

Tumeenda bila miadi. Mama amelibeba kopo mwenyewe, ndani ya mkoba wake mweusi wa kazini. Kwenye benchi la kusubiri alikaa, midomo inacheza. Alikuwa anafanya mazoezi.

"Daktari," akasema kabla hata ya salamu, "nimekuja kubadili ushahidi wangu."

Akaeleza yote. Hakumtaja Mama Mdogo. Alisema "ndugu mmoja".

Nilijiandaa kwa mvua ya matusi. Daktari alilifungua kopo, akanusa, akalifunga. Akauliza kuhusu maji. Mama akamwambia. Daktari akajipiga paja — paa!

"Saa nne? Kila mara?"

"Mara nne kwa siku."

"Mama yangu, umekaukiwa!"

Na akacheka. Si kicheko cha dharau, cha mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Alisema hawezi kuapa, huenda ni unga, huenda ni kiu, huenda vyote viwili. Lakini kiu anajua kuitibu. Akashika mkono wa Mama. Ahsante kwa kuleta kopo, akasema. Wengi hawaleti. Wanakuja na namba mbaya na midomo imefungwa, naye anabaki kupapasa gizani.

Wamemtundikia maji matupu kwa saa tatu. Mfamasia akapita, Mama akamhoji: je, hakuna mmea hata mmoja unaoruhusiwa duniani? Akasema chai nyepesi ya tangawizi kwa kichefuchefu, kikombe kimoja, anywe akipenda. Matunda ale, mboga ale. Chakula ni chakula. Ila mambo ya unga na vidonge vya kukoleza antioksidanti, siku za dripu wasicheze navyo mpaka ijulikane. Dawa nyingine kazi yake ndiyo hiyo ya kuchoma, ukiizima hujui umeizima wapi.

Mama akaniangalia. "Jani halina macho," akamwambia mfamasia. Kwa sauti ya mtu aliyelisoma kwenye sheria.


Jumapili, 2 Aprili

Mama Mdogo ameambiwa. Mama ndiye aliyemwambia, mimi nilijifanya napika. Nilitegemea kelele mpaka jirani. Hakuna. Nilipochungulia alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kwenye magoti ya dada yake kama mtoto.

"Nilitaka tu kukuona unakula."

"Najua. Nimekula. Nyamaza sasa, unanilowesha."

Jioni nilimpeleka mpaka kituoni. Nikamwambia ile ya kwamba niliiba chupa. Alisimama katikati ya njia.

"Wewe?"

"Mimi."

"Afadhali!" akasema. Akanishika mkono. "Nilidhani ni mimi peke yangu mwendawazimu."


Jumatano, 5 Aprili

Moja nukta tatu!!!

Moja nukta tatu. Naiandika tena kwa sababu naweza. Daktari alikuja mwenyewe na karatasi, raba zinapiga sakafu. Dripu ya nne imetundikwa saa tatu asubuhi, na mifuko miwili ya maji imetangulia.

Nilikwenda chooni nikalia. Nikanawa. Nikarudi. Mama akasema, umelia, pua yako imekuwa nyanya.

Mama Mdogo sasa ni polisi wa maji. Anapiga simu kila saa. "Glasi ya ngapi?" Mama anamjibu kwa heshima kamili: "Ya tano, afande."


Jumapili, 16 Aprili

Profesa aliutazama unga wa lile kopo nililompelekea chini ya darubini, kwa udadisi tu. Aina tatu za majani, moja hatuijui. Na mchanga. Mchanga mwingi tu!

Mama: "Ndiyo maana nilihisi nina uzito."


Jumatano, 26 Aprili

Ya tano. Namba inakaa pale pale, tiifu. Kichefuchefu kipo, ganzi ipo, birika bado linachemka masikioni. Hakuna muujiza. Ila jioni hii amekula kiazi kizima, na akaomba chumvi.

Profesa amenirudishia funguo za friza. Alizitupa mezani, akaendelea kusoma.


Jumatano, 17 Mei

Ya mwisho! Nesi aliyemwita mheshimiwa alikuja kumtoa sindano yeye mwenyewe ingawa si zamu yake. Mama akakipigapiga kile kiti chenye plasta kama unavyompigapiga mtu bega. Tukaondoka. Hatukugeuka.

Sasa picha ya tumbo, baada ya wiki mbili. Sitaki kuandika kuhusu picha.


Jumatatu, 29 Mei

Leo tumefungua alama.

Tulikuwa wanne chumba cha ndani, Profesa na bahasha. Figo kwanza. Wote waliopata jani, figo safi. Mmoja akapiga makofi. Profesa akainua kidole: bado.

Uvimbe. Panya wanane walikuwa na dawa pamoja na jani. Watano uvimbe umepungua, sawasawa na wale wa dawa peke yake. Watatu — haujapungua. Mmoja kati yao umekua.

Watatu kati ya wanane.

Profesa hakukasirika wala hakuhuzunika. Alisema ni wachache mno, huenda ni bahati mbaya tu, turudie kwa panya wengi zaidi, na kwa vipimo vya jani tofauti. Miaka mingine miwili, mitatu. Alikuwa sawa. Ndivyo kazi ilivyo. Kisha akanitazama juu ya miwani. Hakunisema mbele ya wenzangu. Kidogo tu, akatikisa kichwa.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nyuma, zile za kutupia maranda. Niliiona ile chupa nyuma ya kopo la unga. Niliona mkono wangu unamimina. "Kunywa Mama, ni chai." Ningemimina kila asubuhi na mapenzi yangu yote.

Nikapiga simu nyumbani bila sababu. Mama akapokea, ananiuliza nina nini.

"Sina kitu. Umekula?"

"Nimekula. Unapumua kama umekimbizwa."

"Nimepanda ngazi."

"Shahidi anadanganya," akasema, akakata.


Alhamisi, 1 Juni

Picha.

Umepungua. Umepungua sana! Kilichobaki ni kama punje ya dengu, daktari anasema, na huenda ni kovu tu, huenda si kovu. Kwa sasa hakuna dripu. Miezi mitatu, kisha picha nyingine. Figo zinafanya kazi. Ganzi ya vidole itachukua muda, ya masikio hana ahadi.

Mama akauliza: "Kwa hiyo nimeshinda au nimeshindwa?"

"Kesi imeahirishwa, Mama. Na uko nje kwa dhamana."

Daktari kajifunza lugha yetu! Mama akampa mkono kwa mikono yote miwili.

Nje, jua kali. Mama Mdogo alikuwa anatusubiri kwenye kivuli cha ukuta, nywele hazijachanwa, kiatu kimoja tofauti na kingine. Akatutazama nyuso. Mama akafanya hivi na kidole na kidole gumba, kuonyesha udogo wa dengu. Mama Mdogo akaketi chini pale pale penye njia ya magari ya wagonjwa. Mlinzi akaja kumfukuza, akaishia kumletea maji.


Jumamosi, 3 Juni

Nimelala mpaka saa mbili asubuhi. Sikumbuki mara ya mwisho.

Nilipoamka, Mama hayupo. Kitanda kimetandikwa. Mama Mdogo amelala kwenye kochi, mdomo wazi, akaamka akanilaumu mimi. Ametoka peke yake! Na masikio yale! Tukakimbilia dirishani.

Yuko ng'ambo ya barabara, kwa fundi cherehani. Wiki jana nilimpelekea magauni mawili ya Mama ya kazini ayapunguze, maana yanamning'inia kama yako kwenye kamba. Sikumwuliza. Niliona ni jambo la wazi.

Amevuka mwenyewe, basi. Amevaa viatu vya kazi.

Naandika nimesimama, daftari juu ya kizingiti cha dirisha. Hatusikii wanachosema, magari yanapita. Fundi amelishika lile la bluu upande mmoja, mkasi uko mkono wa pili, amelifungua mshono kuonyesha pa kukata. Mama amelishika upande wa pili. Anaongea. Anaonyesha kiuno chake, anapanua mikono — hivi, hivi nitarudi, nitalijaza. Fundi anatikisa kichwa na futi yake shingoni. Anampima tena kwa macho. Anasema kitu. Mama anasema zaidi.

Mama Mdogo ananiambia shuka, nenda kamsaidie, ataanguka.

Nimemwambia angoje kwanza.

Fundi anavuta kidogo, anacheka. Mama haachii.